Kitkit School: apu ya kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, maoni ya mama wa darasa la kwanza

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mnachotafuta. Apu yenyewe ni bure. Hakuna kulipia kwa mwezi, hakuna "nunua sarafu uendelee", hakuna tangazo la kubeti linaloruka mtoto akiwa katikati ya kuhesabu. Gharama yako ni kishikwambi na umeme wa kukichaji, basi. Mimi changu nilinunua cha mtumba, kioo kina mkwaruzo pembeni ila tachi iko poa kabisa, na kijana wa fundi simu hapa Msamvu, Morogoro, ndo aliniwekea apu, akachukua ya soda tu.

Kwa wasioijua, Kitkit School imetengenezwa na kampuni inaitwa Enuma, iko Berkeley kule California. Waanzilishi ni mke na mume wenye asili ya Korea, Sooinn Lee na Gunho Lee, watu waliotokea kwenye kutengeneza magemu, na wakaingia kwenye mambo ya elimu baada ya kupata mtoto mwenye mahitaji maalumu wakaona vitu vilivyopo sokoni havimfai. Hilo utaliona ukiifungua, maana imekaa kigemu kweli. Ni kama watu wanaojua kabisa kitu gani kinamfanya mtoto arudi tena kesho yake, ila wameamua ujuzi huo wautumie kwenye ba be bi bo bu badala ya kuuza pipi za kwenye kioo.

Na hii kitu sio ya majaribio ya juzi. Kuna mashindano yaliitwa Global Learning XPRIZE, yalitangazwa 2014, hela katoa Elon Musk (ndio huyo huyo wa magari na roketi), sharti lenyewe likiwa tengeneza programu ambayo mtoto asiyekuwa na mwalimu ataweza kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15. Unajua walienda kujaribia wapi? Tanga. Hapa hapa kwetu Tanzania. Vijiji 170, watoto karibu 3,000, Google wakatoa vishikwambi vya Pixel C, vikachajiwa kwa sola, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakashirikiana na serikali yetu kuvifikisha huko. Timu zilizofika fainali zilikuwa tano: CCI, Chimple, Kitkit School, onebillion na RoboTutor. Kila moja ilipewa dola milioni 1 ya kuendelezea kazi, na Mei 2019 Los Angeles wakatangaza washindi ni wawili, Kitkit na onebillion wa London, wakagawana dola milioni 10. Programu zote tano zikawekwa wazi, yale maandishi ya kompyuta yanayoziendesha yeyote anayachukua anayarekebisha, na ndo maana hadi leo ziko huru.

Matokeo yale nataka niyaongelee kidogo maana watu huwa wanayasoma nusu. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto wale ilisemekana hawajawahi kukanyaga shule, asilimia 80 hawajawahi kusomewa kitu chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadae lile kundi la wasioweza kusoma hata neno moja likapungua kwa nusu. Upande wa hesabu zile programu tano zote zikaonekana zinafanya kazi sawa sawa. Sasa ukiisikia hivo unashangilia, na mimi nilishangilia, mtoto hana mwalimu hana kitabu hana mtu wa kumsomea, kapewa kioo na sola anajua kusoma, sio mchezo. Lakini geuza upande wa pili: nusu nyingine bado walikuwa hawawezi. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia kishikwambi anakwambia huyu mtoto atajua kusoma wewe kakae tu, mwambie hata hao washindi wenyewe hawakufika huko.

Ila mtoto wangu sio wa mazingira yale, na nadhani wa wengi mnaosoma hapa pia sio. Wangu yuko darasa la kwanza shule ya serikali, darasa limejaa. Toka elimu bila malipo ianze 2016 madarasa ya chini yamefurika, na mimi simlaumu mwalimu hata kidogo, yule mama ana watoto zaidi ya mia mbele yake, atamsikiliza nani mmoja mmoja? Anaandika ubaoni ma me mi mo mu, darasa zima linaimba ma me mi mo mu kwa sauti moja nzuri kabisa, na aliyekaa nyuma anaimba na yeye huku anaangalia dirishani. Wangu alikuwa mwimbaji mzuri sana wa silabi. Ukimfutia ile safu ukamwekea "mo" peke yake anakuangalia usoni akitafuta jibu kwako.

Hapo ndipo hii apu ilipoingia kazini. Kwenye apu hakuna kuimba pamoja. Inatoa sauti, inamwekea silabi kadhaa mbele, chagua. Ukikosa haikucheki, haikuiti bichwa maji, haikupigi rula, inakurudishia tena kwa namna nyingine. Ukipatia unajua hapo hapo, sio uje ujue wiki ijayo daftari likishasahihishwa. Na haiishiwi uvumilivu jamani, mimi mwenyewe ni mama yake nampenda kuliko chochote lakini akirudia "be" kusema "de" mara ya ngapi sijui, sauti yangu inaanza kupanda. Ile apu itarudia hata usiku kucha kwa sauti ile ile ya upole.

Ilivyopangwa ni hivi: kuna masomo ya lugha na ya hesabu, na kila kozi ni yai. Mtoto akiingia kwenye kozi anaanza kulitunza lile yai, linaanguliwa, linakuwa ndege, na kadri anavyomaliza kazi za kila siku ndege anakua. Basi mtoto anaamka anauliza habari za ndege wake kabla ya chai. Nimeona apu nyingi zinatumia nyota na makofi, mtoto anazichoka haraka, ila kitu kinachokua kinamshika zaidi. Ukiacha masomo kuna maktaba ya vitabu na video, na kuna sehemu ya vifaa, kuchora, kupaka rangi, kupiga marimba. Mwanzoni niliona hii marimba ni ya kupotezea muda tu. Baadae nikaona ndiyo inayomfanya akubali kuacha somo bila kulia, yaani anamaliza kazi, anapiga marimba kidogo, anafunga. Nikaiacha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote, lugha.

Mzazi wa Kitanzania akitafuta apu ya mtoto anaandika "kids learning", zinakuja mia, zote za Kizungu, ei fo epo, bii fo boo. Zinapendeza, rangi kibao, mtoto anaimba na wewe unafurahi mwanangu anaongea Kizungu. Mimi sina shida na Kizungu, na mwenye mtoto inglishi midiamu ataona nongwa. Lakini angalia kinachotokea kwa mtoto ambaye shuleni anasomeshwa kwa Kiswahili. Anajua herufi "i" inaitwa "ai". Anajua "e" inaitwa "ii". Anajua "a" inaitwa "ei". Mpe neno "meli" asome. Anaanza em, ii, eli, ai. Anakaa anajumlisha kichwani, haitoki meli, haiwezi kutoka, kwa sababu ule mfumo wa sauti sio wa hili neno. Nimekaa na watoto wa mtaani kwangu jioni, wanaokuja kwenye kibaraza, nimeona zaidi ya mmoja yuko hivi, na wazazi wao wanadhani mtoto ni mzito kuelewa. Sio mzito! Kafundishwa funguo za nyumba nyingine.

Kiswahili kwenye kusoma ni rahisi kuliko Kizungu na hatujivunii vya kutosha. Herufi a ni a kila mahali utakapoikuta. Mtoto akizijua irabu tano, akazijua konsonanti, akaelewa kwamba zinaungana kutengeneza silabi, kabla ya muda mrefu anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona maishani. Mtoto wa Kiingereza hata akijua herufi zote bado atakwama kwenye "enough" na "through" mpaka akue. Kwa hiyo programu iliyotengenezwa kwa Kiswahili kutoka chini, inayofundisha kwa sauti na silabi sio kwa majina ya herufi, ina faida ambayo ya Kizungu haiwezi kuwa nayo hata iwe imetengenezwa na mabilioni. Kitkit ilitengenezwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa Tanga, sauti zake ni za Kiswahili. Ukweli hapa ndo inashinda karibu zote nilizojaribu. Kuna moja niliwahi kuipakua, siitaji, imeandikwa ina Kiswahili, kumbe wamechukua ya Kizungu wakaipitisha kwenye mashine, sauti inatamka "ng'ombe" kwa namna ambayo ng'ombe mwenyewe angekimbia. Ile niliifuta siku hiyo hiyo.

Kigumu cha Kiswahili kiko kwenye herufi zinazoshikana. Mb, nd, nj, ng, ng', ny, mw, kw, ch, sh, dh, gh. Mtoto anayesoma "baba" na "kuku" vizuri ukimpa "mbwa" anaganda, ukimpa "nyanya" anaanza na "n" peke yake halafu "ya". Na "ng" na "ng'", hata watu wazima humu mitandaoni wanaandika ngombe bila alama. Ushauri wangu hapa mzazi usimwachie apu peke yake. Akifika kwenye silabi za namna hii kaa naye, chukua karatasi, mwandikie maneno ya nyumbani: nyanya, ndizi, mchele, mbuzi, chungwa, ng'ombe. Vitu anavyovijua na vilivyoko jikoni. Apu inampa mazoezi, wewe unampa maneno yenye harufu.

Hesabu nitapita haraka kwa sababu kwetu haikuwa na shida. Inaanza na kuhesabu vitu, kulinganisha kipi kingi, halafu kujumlisha na kutoa, kwa picha kwanza halafu tarakimu. Wangu hesabu alizipenda kuliko kusoma, nadhani watoto wengi wako hivo, na namba zetu zenyewe zinasaidia, kumi na moja, kumi na mbili, mtoto anaona kabisa kwamba ni kumi imeongezewa. Akifika ishirini, thelathini, arobaini hapo ni kukariri tu hakuna ujanja. Ukitaka kujua ameelewa kweli mtume dukani na hela anunue kitu, arudishe chenji. Kioo kinaweza kudanganywa lakini mwenye duka hadanganywi.

Mapungufu sasa, na haya ni ya apu zote za kusomesha watoto, sio hii tu.

La kwanza kuandika. Mtoto akifuata herufi kwa kidole kwenye kioo anaonekana anaandika. Haandiki. Penseli ina kushika, ina kukandamiza, ina mstari wa daftari wa kutoka na kurudi, kidole hakina vyote hivyo. Mtoto anaweza akachora "g" nzuri kwenye kioo halafu kwenye daftari ikaonekana kama kamba ya mbuzi. Kwa hiyo kila anachokifanya kwenye kioo kifuatwe na daftari, mistari michache tu inatosha. KKK ni kusoma, kuandika na kuhesabu, na K ya katikati hii ndo kioo kinaisaidia kidogo kuliko zote.

La pili kubahatisha. Watoto wana akili sana. Wakijua majibu ni matatu wanagusa la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kengele ilie, wanaendelea. Ukiwa chumba kingine unasikia makofi unajisemea mwanangu anasoma. Kaa karibu, muulize "umejuaje?" Akikueleza sawa, akicheka ujue alikuwa anagusagusa. Mtoto wa dada yangu ndo bingwa wa hii michezo, yule ukimwachia dakika chache anamaliza kazi ya leo na hajui hata moja.

La tatu kuelewa. Mtoto kusoma "Juma anakula embe" kwa sauti ni jambo moja, kukuambia nani anakula nini ni jambo lingine, na kukuambia kwa nini Juma amekula embe la jirani ni jambo la tatu kabisa. Hayo mazungumzo kioo hakiwezi, au kinaweza kidogo sana. Hapa bibi yake ananishinda mimi na kishikwambi wote wawili. Mtoto akimaliza hadithi kwenye maktaba ya apu anaenda kumsimulia bibi, bibi kwa makusudi anajifanya hajasikia vizuri, "eti nani kaanguka?", mtoto anarudia, anaeleza, anapanga maneno. Bure kabisa na haihitaji chaji.

Muda nao. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema watoto wa miaka miwili mpaka minne wasizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo, na pungufu ya hapo ndo bora zaidi, na walio chini ya mwaka mmoja wasiwekwe kabisa. Kwangu wa darasa la kwanza anapata nusu saa hivi baada ya kuoga na kula, mdogo wake wa awali anapata kidogo zaidi ya chungulio. Mtoto ukimwachia kutwa nzima hata iwe ya kusoma inageuka katuni, macho yamekazwa na hakuna kinachoingia.

Kuna wanaouliza za kulinganisha. Nitasema nilizotumia.

Akili and Me ya Ubongo, hawa ni wa kwetu, wako Dar, walianza na Ubongo Kids kwenye TBC mwaka 2014. Hii sio ya kugusa na kujibu, ni katuni, kibinti Akili anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na anapolala anaenda Lala Land kwa rafiki zake wanyama. Ni kwa wadogo wa miaka mitatu hadi sita. Iko kwenye TV, kwenye YouTube, na nyimbo zake zinakaa kichwani mwa mzazi kuliko hata mwa mtoto. Na Morogoro hii hii ndo walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland wakapima watoto walioiangalia na walioangalia vipindi vingine, walioiangalia Akili wakawa mbele kwenye mambo kama kuhesabu, kutambua namba na maumbo. Kwa mtoto wa chekechea ambaye bado hajafika kwenye silabi mimi ningeanzia hapo, halafu Kitkit ije baadae. Wasiwasi wangu ni YouTube yenyewe, ukimwachia mtoto Akili ikiisha inakuja nyingine isiyojulikana imetoka wapi, kwa hiyo pakua kabisa au kaa hapo.

African Storybook, hii ni hazina na watu hawaijui. Ni ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi sana za Afrika, Kiswahili zipo nyingi, zimepangwa kwa ngazi kuanzia neno moja moja kwa ukurasa hadi aya. Bure, zina leseni huru, unaweza hata kuprinti ukawagawia watoto wa mtaa mzima na hakuna atakayekushitaki. Haifundishi kusoma, inampa aliyeanza kusoma kitu cha kusoma, na hapo ndo watoto wetu wengi wanakufa njaa. Anajua silabi zote halafu nyumbani hakuna hata kitabu kimoja, anasoma nini? Maandishi ya kwenye mfuko wa unga? (Na hayo nayo asome, mie wangu anasoma hadi ya kwenye daladala.) Kitkit na African Storybook nikiambiwa nichague moja ningegoma, zinafuatana.

Khan Academy Kids ni nzuri mno, ni bure, haina matangazo, imetulia. Ila ni Kizungu. Kama mtoto wako yuko inglishi midiamu hii ichukue leo. Kama yuko shule ya Kiswahili isubiri mpaka asome Kiswahili vizuri ndo umfungulie, atakwenda nayo haraka kwa sababu tayari anajua kusoma ni nini.

Kuna ile ya kulisha zimwi herufi, Feed the Monster, watoto wanaicheka sana, nzuri kwa sauti za herufi, na ni nyepesi kwenye simu ndogo. Mie naiweka kama ya ziada.

Za kulipia nimejaribu moja ambayo siitaji jina, wiki ya kwanza bure, kumbe ukisahau kuikata wanakukata wao. Na nyingine ya bure ambayo kila baada ya swali ni tangazo, mtoto wa miaka mitano anaangalia mtu anashinda mamilioni ya kubeti. Hizo sijui wanaziitaje za elimu.

Upande wa kifaa sasa. Usinunue kipya cha bei kali kwa ajili ya mtoto, kitaanguka, nakuhakikishia kitaanguka. Nunua kava la mpira nene kabla hujanunua kitu kingine chochote. Angalia betri, vya mtumba vingi betri zimechoka, kiwashe pale pale dukani uone chaji inakaaje, usiondoke haraka. Angalia nafasi, maana apu zenye sauti na picha nyingi zinakula memori, futa picha za harusi hamishia kwenye memori kadi. Spika ni muhimu kuliko kamera! Watu wanaulizia kamera wakati mtoto anajifunza kwa kusikia "pa" na "ba", spika ikikoroma hatofautishi. Ukishaweka kila kitu weka flaiti modi. Kitkit inafanya kazi bila intaneti, ilitengenezwa kwa vijiji ambavyo intaneti haikuwepo, kwa hiyo bando lako libaki na wewe na mtoto hawezi kuchepuka kwenda kwingine.

Walimu mliomo humu, nyie mlipewa vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022. Najua vingine vimekaa kabatini, vingine vinatumika kuangalia mpira, hatusemi mtu. Kimoja tu chenye hizi apu, watoto watano watano wakipokezana wakati wengine wanaandika, kinaweza kumbana yule wa nyuma anayeimba bila kusoma. Majirani zetu wa Kenya walianza 2016 na ile miradi yao ya kugawa tableti darasa la kwanza, vifaa zaidi ya milioni vilifika shuleni, kelele zikawa nyingi kuhusu umeme na walimu kutoandaliwa. Na kwa Malawi hao onebillion, wale washindi wenza wa Kitkit, wamekaa miaka na programu yao ya Chichewa, lugha ya huko, wakipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, na pale kuna utaratibu kabisa, watoto wanaingia chumba cha tableti kwa ratiba, kuna mtu mzima anasimamia, wakimaliza vinarudi kuchajiwa. Tofauti ninayoiona mimi ni ratiba na msimamizi, kifaa ni kile kile.

Maksi zangu basi, Kitkit kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane anayesoma kwa Kiswahili naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata za penseli na mazungumzo, ambazo sijui kama kuna apu itakuja kuzipata. Kwa mtoto aliyeshajua kusoma ambaye yuko darasa la tatu na kuendelea msihangaike nayo, ataona ya kitoto, huyo mpeleke kwenye vitabu. Kwa mwenye mtoto mzito kidogo au anayeona aibu mbele ya wenzake ningeipa hata tisa, maana kioo hakina wenzake wa kumcheka.

Mwenye kishikwambi cha zamani kisichokubali kufungua apu nzito, anza na African Storybook, inakubali hata kwenye simu ya kawaida ya mzazi. Na kava la mpira msisahau, pale stendi wanauza mpaka ya masikio ya sungura.